Rili ya Beitikasta kwa Anayeanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa mvuvi wa ndoano aliyeko Uganda anayetaka kununua beitikasta yake ya kwanza (aina ya rili, yaani mashine ya kukusanyia mshipi kwenye fimbo), au aliyeinunua tayari na sasa imejaa mshipi uliosokotana. Tumeanza na mambo ya dukani, tukaenda kwenye kufunga na kurekebisha, kisha kurusha. Kama rili unayo, ruka moja kwa moja hadi swali la kurekebisha, maana hapo ndipo wengi wanapokwama.

Beitikasta inatofautianaje na rili ya kawaida?

Rili ya kawaida, ile ya spini inayoning'inia chini ya fimbo, bobini yake (kigurudumu kinachobeba mshipi) haizunguki unaporusha. Mshipi unachomoka wenyewe mzingo kwa mzingo, na chambo kikichoka nao unasimama. Beitikasta hukaa juu ya fimbo na bobini yake inazunguka. Chambo kinavuta mshipi, mshipi unaizungusha bobini. Chambo kikipunguza mwendo hewani, bobini haipungui pamoja nacho. Inaendelea kumwaga mshipi ambao hauna wa kuuvuta, basi unafumuka na kujisokota palepale. Huko kusokotana tutakuita kiota.

Kwa nini basi watu waing'ang'anie? Kwanza, mshipi unaingia moja kwa moja kwenye bobini bila kupinda kona, kwa hiyo rili hii inabeba mshipi mnene na kuvuta mzigo mzito bila kulalamika. Pili, kidole gumba chako kiko juu ya bobini muda wote. Unaweza kukisimamisha chambo popote unapotaka: kwenye ukingo wa mafunjo, au kwenye uwazi wa maji katikati ya magugu maji, pale ambapo kuzidisha mita moja ni kunasa.

Navua ngege (sato) kwa minyoo pembeni mwa ziwa. Ninaihitaji?

Huihitaji. Ndoano ndogo yenye mnyoo na chubwi ya gramu tatu haina uzito wa kuizungusha bobini ya beitikasta ya kawaida. Rili hii inaanza kufanya kazi vizuri kwa chambo cha gramu 10 na kuendelea, na anayejifunza atafurahia zaidi gramu 14 hadi 21. Zipo beitikasta maalumu za vyambo vyepesi chini ya gramu 7, lakini si za kuanzia. Kwa ngege, baki na spini au mwanzi.

Beitikasta ni ya anayemtafuta sangara (mputa) kwa vyambo bandia, anayevua kambare kwa kipande cha samaki, au anayekwenda kumtafuta ngassia (tigerfish, samaki mwenye meno makali) kule Ziwa Albert na kwenye Mto Nile chini ya Maporomoko ya Murchison.

Ninunue ya bapa au ya mviringo? Ukubwa gani?

Ya bapa ni nyepesi, inaenea kiganjani, na kidole gumba kinafika kwenye bobini bila kujikunja. Hiyo ndiyo ya kujifunzia. Ya mviringo ni nzito, ina nafasi kubwa ya mshipi, na hudumu sana kwenye kazi ngumu.

Watengenezaji wengi huandika ukubwa kwa namba. Namba 100 hadi 150 hubeba takriban mita 100 za mshipi wa nailoni wa pauni 12 hadi 14. Inatosha kwa sangara wa kilo chache wanaopatikana karibu na mawe na mafunjo kuzunguka Entebbe, visiwa vya Ssese na Jinja. Namba 200 ni ya kati. Namba 300 hadi 400 ndiyo ya kwenda nayo Murchison, ambako sangara wa makumi ya kilo ni jambo la kweli: rekodi ya dunia ya sangara aliyenaswa kwa fimbo, iliyowekwa Ziwa Nasser nchini Misri mwaka 2000, ni zaidi ya kilo 104. Samaki wa ukoo huo hasimamishwi kwa mita 100 za mshipi mwembamba.

Ushauri wetu: anza na 150 au 200. Ukianza na 400 kwa sababu una ndoto ya Murchison, utajifunza kwa chombo kizito, mkono utachoka mapema na hutafanya mazoezi ya kutosha. Jambo la kumtega samaki mkubwa litasubiri mkono uzoee.

Mpini uwe kushoto au kulia?

Fikiri kabla ya kulipa, kwa sababu mpini wa beitikasta hauhamishiki kama wa spini. Ukinunua wa kulia, ni wa kulia milele.

Anayerusha kwa mkono wa kulia akinunua mpini wa kulia, itambidi ahamishe fimbo kwenda mkono wa kushoto kila baada ya kurusha. Wavuvi wa zamani wamezoea hivyo, na wengi wao wanavua vizuri. Kwa anayeanza leo, na hasa aliyetoka kwenye spini ambako alizungusha kwa kushoto, mpini wa kushoto ni rahisi zaidi: fimbo haihami mkono, na chambo kikigusa maji uko tayari. Sangara mara nyingi hugonga chambo kikiwa kinazama, sekunde za mwanzo kabisa. Ukiwa katikati ya kubadilisha mikono, umemkosa.

Namba kama 6.3:1 zina maana gani?

Mzunguko mmoja wa mpini unazungusha bobini mara 6.3. Bobini ya kipenyo cha milimita 34 ikiwa imejaa ina mzingo wa sentimita 10.7, hivyo kila mzunguko wa mpini unarudisha karibu sentimita 67 za mshipi. Gia ya 5.4:1 inarudisha kama 58, na ya 7.3:1 kama 78.

Gia ya chini ina nguvu zaidi na inafaa chambo kinachozama kina na kuvuta sana. Gia ya juu inakusanya haraka mshipi uliolegea samaki anapokukimbilia. Kwa rili ya kwanza chukua 6.3:1 au iliyo jirani nayo, uachane na mjadala huo.

Breki ya kupunguza kasi ya bobini: ya sumaku au ya vipini? Na beringi ngapi?

Breki ya sumaku unaibadilisha kwa kuzungusha gurudumu dogo la nje, kwa kawaida lenye alama 0 hadi 10. Ile nyingine ina vipini vidogo vya plastiki ndani ya kifuniko cha pembeni. Bobini ikikimbia, vipini vinasukumwa nje na kusugua ukingo wa chuma. Hiyo hushika kwa nguvu zaidi mwanzoni mwa mrusho, wakati bobini iko kasi, kisha inaachia. Kuibadilisha lazima ufungue kifuniko.

Kwa anayejifunza tunapendekeza ya sumaku. Utabadilisha mara nyingi sana siku za mwanzo, na kufungua kifuniko ukiwa ndani ya mtumbwi ni njia ya uhakika ya kuangusha kipande ziwani.

Beringi zisikusumbue. Tangazo la beringi 18 kwenye rili ya bei ya chini halikuambii chochote. Tano au sita zilizo nzuri zinatosha.

Nikague nini kabla ya kutoa pesa, hasa kwa rili ya mtumba?

Zungusha mpini taratibu. Unatakiwa kuhisi ulaini, si mchanga. Ukiurudisha nyuma ghafla, usiende hata kidogo. Mpini unaorudi nyuma maana yake beringi ya kuzuia imechoka, na siku ya kumkaza samaki utapata pigo la vidole.

Bonyeza kitufe cha klachi kwa kidole gumba: bobini iwe huru. Zungusha mpini: klachi irudi mara moja, kwa mlio mmoja wa "ka". Rudia mara kumi. Klachi inayokataa mara moja kati ya kumi itakataa pia samaki akiwa kwenye ndoano.

Tazama tundu linaloongoza mshipi kulia na kushoto. Lipitishe pamba au uzi laini wa soksi. Ukinaswa, kuna ufa, na ufa huo utakata mshipi kila siku bila wewe kujua sababu. Lihakikishe pia linafika pande zote mbili za bobini na kugeuka bila kusita. Mwisho funga nyota ya dragi (breki inayoachia mshipi samaki anapovuta) hadi mwisho, vuta mshipi kwa mkono, kisha legeza kidogo kidogo. Itoke kwa mwendo mmoja, bila kukwama na kuruka.

Inafungwa kwenye fimbo yoyote?

Hapana. Fimbo ya beitikasta ina kikucha cha kushikia kidole cha shahada chini ya kiti cha rili, na pete zake ni ndogo, nyingi, nazo hutazama juu. Ukiifunga kwenye fimbo ya spini pete zitakuwa upande usio wake na mshipi utasugua fimbo.

Chukua ya futi 6 na nusu hadi futi 7, yenye nguvu ya wastani kwenda juu. Soma maandishi juu ya kishikio: uzito wa chambo uwe gramu 10 hadi 28 au karibu na hapo. Fimbo ngumu kuliko chambo haipindi, na fimbo isiyopinda hairushi. Utalazimika kutumia nguvu za bega, na nguvu za bega ndizo mama wa viota.

Mshipi gani, na nijaze kiasi gani?

Jifunze kwa nailoni ya pauni 14 au 17, unene wa karibu milimita 0.35 hadi 0.40. Ni ya bei nafuu, kiota chake kinafumuka kwa urahisi, na ukiharibu mita 30 hutalia. Nailoni nyembamba zaidi huzama katikati ya mizingo iliyo chini yake na kunasa.

Mshipi wa kusuka utakuja baadaye: pauni 30 hadi 50 kwa rili ya 150 au 200, pauni 65 kwa 300 na zaidi. Usinunue wa kusuka mwembamba wa pauni 15 kwa sababu tu una nguvu kuliko nailoni. Utajichimbia ndani ya bobini samaki akivuta, na mrusho unaofuata utakatika kwa mlio wa bunduki huku chambo kikienda zake.

Kujaza: pitisha kalamu katikati ya kigurudumu cha mshipi mpya, mtu mwingine aishike pande zote mbili, mshipi ukitokea juu ya kigurudumu na kuingia juu ya bobini. Ubane kwa kitambaa kilicholowa ili ukae kwa kubana. Mshipi uliojazwa kwa kulegea ni kiota kinachosubiri. Acha milimita 2 hadi 3 kabla ya ukingo wa bobini. Ukijaza hadi ukingoni, rili inakuwa na pupa na kudhibitika kwake ni kazi.

Kwa mshipi wa kusuka, tanguliza mita 10 za nailoni chini yake. Wa kusuka unateleza juu ya chuma laini cha bobini: utafunga dragi hadi mwisho na bado samaki ataondoka na mshipi wote ukizunguka kama mkufu.

Nimeifunga. Nirekebisheje kabla ya kurusha mara ya kwanza?

Kuna marekebisho mawili na mpangilio wake ni huu.

Kwanza nati ndogo ya mkazo, iliyo upande wa mpini karibu na nyota. Funga chambo utakachotumia, inua fimbo ielekee mbele kidogo juu, acha chambo kikining'inia karibu na ncha. Bonyeza klachi na uondoe kidole. Kama chambo kinaanguka kwa kasi, kaza nati. Kama hakishuki, legeza. Unataka kishuke polepole, na kikigusa ardhi bobini isimame, isizunguke zaidi ya nusu mzunguko. Kila ukibadilisha uzito wa chambo, rudia jambo hili.

Pili breki ya pembeni. Weka 8 kati ya 10 (kwa ile ya vipini, washa vyote ukiacha kimoja). Utarusha karibu na utadhani rili ni mbovu. Iache hivyo hivyo. Mkono ukizoea, shusha alama moja kwa siku ya mazoezi, si tatu kwa pamoja.

Watu hukosea kwa kukaza nati ya mkazo kabisa ili kuzuia kiota. Inazuia kweli, lakini inaminya mhimili na kuchosha beringi, na kidole gumba chako hakijifunzi chochote.

Mazoezi nifanyie wapi, na kwa chambo gani?

Kwenye nyasi. Uwanja wa mpira wa shule au wa kijiji, asubuhi kabla ya watoto kufika, unafaa kuliko ziwa: hakuna samaki wa kukutia haraka, unaona chambo kinapoanguka, na kiota kinatatuliwa ukiwa umekaa chini.

Usitumie chambo chenye ndoano. Nenda kwa fundi wa magari uombe nati inayofunguliwa kwa spana namba 19. Ina uzito wa gramu 17 hivi, ndio uzito hasa tunaoutaka. Ya spana 17 ina gramu 11 au 12, itakufaa ukishazoea. Izungushie kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli na kukifunga kwa uzi, ili kona zake zisikwaruze mshipi na zisimuumize mtu. Weka beseni mita 15 mbele yako. Lengo ni beseni, si umbali. Anayejifunza kurusha mbali kabla ya kulenga hujifunza kutumia nguvu, na tabia hiyo huondoka kwa shida.

Nirusheje hatua kwa hatua?

Acha nati ya mazoezi ining'inie sentimita 15 hadi 20 kutoka ncha ya fimbo. Ikiwa juu kabisa ikigusa ncha, fimbo haipindi sawasawa.

Laza kidole gumba juu ya bobini, nyama ya pembeni ya kidole, si ukucha. Bonyeza klachi huku ukiendelea kuishika bobini. Geuza kifundo cha mkono ili mpini utazame juu mbinguni (kwa rili ya mpini wa kushoto ikirushwa kwa kulia, geuza upande ule ambao kifundo kinalegea). Mkono ulionyooka kama unasukuma mlango unafunga kifundo, na kifundo kilichofungwa hakirushi.

Rudisha fimbo nyuma hadi ipite sikio lako, bila haraka. Utahisi nati ikiivuta ncha kwenda nyuma. Hapo hapo, fimbo ikiwa bado imepinda, ilete mbele kwa mwendo mmoja unaoongezeka, kama wa kupaka rangi ukutani na si wa kupiga nyundo. Fimbo ikifika nusu ya njia kati ya kusimama wima na kulala mbele yako, punguza kidole. Tunasema punguza. Kidole hakiruki mbali na bobini; kinabaki kikiigusa kwa wepesi sana, unaona mshipi unapita chini yake ukikusisimua ngozi.

Nati ikienda juu sana ikaanguka karibu, umeachia mapema. Ikijipigiza chini mbele ya miguu, umechelewa.

Nati ikiwa inashuka na imebakiza mita moja kufika chini, kandamiza bobini isimame kabisa. Hatua hii ndiyo beitikasta yenyewe. Breki za rili zinakusaidia mwanzoni na katikati ya mrusho. Hakuna breki inayojua kwamba chambo kimefika majini. Kidole pekee ndicho kinachojua, kwa sababu macho yako yamekiambia.

Kiota kimetokea. Nikate?

Usikate bado, na usianze kuvuta nyuzi moja moja kama mtu anayesuka nywele. Fanya hivi:

1. Kandamiza kidole gumba juu ya kiota, kwa nguvu zote za kidole.
2. Ukiwa umekandamiza, zungusha mpini mara mbili au tatu. Dragi iwe imekazwa kidogo ili bobini ijaribu kuzunguka chini ya kidole.
3. Ondoa kidole, bonyeza klachi, vuta mshipi taratibu kutoka mbele.
4. Ukikwama, rudia.

Viota vingi vinaachia kwa raundi mbili au tatu. Kukandamiza kunailaza mizingo iliyoinuka na kuisukuma ipite chini ya ile iliyoibana. Ukivuta kwa hasira badala yake, unakaza fundo.

Kikikataa, tafuta kwa macho mzingo mmoja unaovuka juu ya mingine, uinue kwa ncha ya kalamu, si kwa ndoano. Mshipi ukishatoka, upitishe kati ya vidole. Nailoni iliyopinda na kuwa na alama nyeupe imekufa mahali hapo. Kata hapo hata kama bado inashika, la sivyo itakatika wakati wa samaki.

Kuna kinga moja nzuri kwa wiki za mwanzo. Rusha mbali kadiri unavyoweza, vuta mita 10 zaidi kwa mkono, kisha bandika kipande cha utepe wa fundi umeme juu ya mshipi uliobaki kwenye bobini na ukusanye. Kiota hakitashuka chini ya utepe. Lakini ubandue kabla ya kwenda kwenye samaki wakubwa, kwani samaki akikimbia akafika kwenye utepe, mshipi unakatika.

Viota vyangu havikomi. Shida iko wapi?

Angalia kinatokea wakati gani.

Kikitokea mara tu chambo kinapoondoka, unarusha kwa kushtua, au breki iko chini mno. Punguza nguvu kwanza, ongeza breki baadaye. Kikitokea katikati, chambo ni chepesi au kinapepea hewani, ama upepo unakikabili. Kikitokea mwishoni, kidole kilichelewa, na hakuna skrubu ya kulitibu hilo.

Kama kila kitu kilikuwa sawa jana na leo hapana, karibu kila mara ni kwamba umebadilisha chambo na hukugusa nati ya mkazo.

Na upepo wa ziwa?

Mchana upepo wa Ziwa Victoria huvuma kutoka majini kuja nchi kavu, kwa hiyo ukiwa umesimama kwenye mwalo mara nyingi unarusha dhidi yake. Pandisha breki alama mbili, tumia chambo kizito na chembamba, na urushe chini chini kwa pembeni badala ya juu ya kichwa. Au vua asubuhi na mapema. Ukiona wingu jeusi au kusikia radi, laza fimbo na uondoke majini. Fimbo za kaboni zinapitisha umeme.

Dragi niikaze kiasi gani?

Robo hadi chini kidogo ya theluthi ya nguvu ya mshipi. Nailoni ya pauni 14 inabeba kilo 6.4, kwa hiyo dragi iachie kwenye kilo 1.6 hadi 1.9. Mshipi wa kusuka wa pauni 50 unabeba karibu kilo 23, dragi ni kilo 5.7 hadi 6.8, kama rili yenyewe inafika huko.

Pima kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya sokoni. Funga mshipi kwenye ndoana ya mizani, vuta moja kwa moja kutoka kwenye rili, usome namba pale bobini inapoanza kuzunguka. Ukishahisi kilo mbili mkononi mwako, mara nyingine utakadiria bila mizani. Usikaze samaki akiwa anakimbia. Akikimbia, mwache alipe. Akisimama, ndipo ufanye kazi.

Lida (kipande cha mshipi mgumu kati ya mshipi mkuu na chambo) inahitajika?

Kwa sangara, ndiyo. Hana meno ya kukata, lakini midomo yake inakwaruza kama msasa, na vifuniko vya mashavu yake vina makali. Weka nailoni nene ya pauni 60 hadi 100 kulingana na ukubwa wa samaki, urefu wa sentimita 60. Ukiwa unajifunza, usiweke ndefu zaidi: fundo lake litaingia kwenye pete na kwenye tundu la kuongoza mshipi, na kila mrusho litagonga.

Kwa ngassia nailoni haitoshi. Meno yake yanaikata kwa mara moja. Tumia waya wa sentimita 20 hadi 30.

Fundo la kufungia chambo: kunja mshipi mara mbili urefu wa sentimita 15, pitisha kitanzi kwenye jicho la chambo, funga fundo jepesi la kawaida, pitisha chambo chote ndani ya kitanzi, lowesha kwa mate, vuta pande zote. Bila kulowesha, nailoni inaungua kwa msuguano na kupoteza nguvu pale pale.

Kuna sheria gani za kujua?

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Maporomoko ya Murchison unahitaji kibali cha kuvua kwa michezo kutoka Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, mbali na kiingilio. Ulizia ofisi zao kabla ya safari, na uvue ukiwa na askari wao au kiongozi anayejua mto. Mamba na viboko wa pale hawakupi nafasi ya pili, kwa hiyo usisimame kwenye ukingo wa maji wala usiinamie maji kunawa mikono au kuachia samaki.

Sangara chini ya sentimita 50 hapelekwi nyumbani, mrudishe majini. Kwenye mialo, zungumza na viongozi wa eneo kabla ya kufungua begi la fimbo. Ziwa Victoria lina kichocho kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, kwa hiyo usitembee ndani yake ukitafuta nafasi ya kurushia. Ndani ya boti vaa jaketi la kuokolea maisha, na kabla ya kila mrusho geuka utazame nani yuko nyuma yako.

Niitunzeje?

Ukirudi, legeza dragi. Ikikaa imekazwa wiki nzima, vikaratasi vyake vinabonyea na siku inayofuata itatoka kwa kukwama. Futa rili kwa kitambaa chenye unyevu. Usiizamishe kwenye ndoo ya maji wala kuipulizia kwa bomba lenye nguvu, kwani mchanga unaingia ndani badala ya kutoka.

Kila baada ya safari chache, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila beringi ya bobini, na jingine kwenye skrubu ndefu inayosukuma tundu la mshipi, baada ya kuifuta kwa mswaki wa zamani. Tone moja. Ukimimina, mafuta yatafika kwenye breki ya vipini na itaacha kushika. Grisi ni ya gia tu. Ukiiweka kwenye beringi za bobini, mrusho unafupika mara moja.

Mita za mwanzo za nailoni, zile zinazopita kwenye pete kila siku, kata kama tatu baada ya kila siku ya uvuvi ufunge chambo upya. Nailoni nzima ibadilishe ikianza kubaki na umbo la mizingo hata ukiinyoosha, jambo ambalo kwa jua letu huja mapema. Wa kusuka unaweza kuugeuza, upande uliokuwa chini ukawa juu, ukatumika tena muda mrefu.